Somo: Kutafuta ukoo katika parokia ya pwani ya Wales, kwa mfano wa Llangrannog

Wapo kati yetu waliooa au kuolewa Wales, na wapo wenye watoto wanaouliza mababu wa upande ule walikuwa akina nani. Somo hili ni lao. Nitatumia parokia moja, Llangrannog, pwani ya Ceredigion magharibi mwa Wales: kijiji bondeni, ufuko mdogo, kanisa la Mtakatifu Carannog, na mashamba yaliyotawanyika huko juu. Karne ya 19 wanaume wake wengi walikuwa mabaharia na manahodha. Utaratibu ni uleule ukitafuta Aberporth, New Quay au Moelfre.

Shika jambo moja: huko Wales jina la mtu halikufikishi mbali. Kinachokufikisha ni mahali. Fuata shamba, nyumba na chombo cha baharini.

Hatua ya 1: Elewa majina kabla ya kufungua daftari lolote

Hapa Mswahili ana nafuu, maana tumezoea Ali bin Salim bin Juma. Wales nao walikuwa hivyo: Evan ap Thomas ni Evan mwana wa Thomas, na binti aliitwa "ferch" fulani. Majina ya ukoo ya kudumu yaliingia polepole, na vijijini magharibi desturi ya zamani iliendelea hadi karne ya 18, pengine hadi ya 19. Kwa hiyo Thomas Evan anamzaa David Thomas, David Thomas anamzaa John David, na wajukuu wa John wanaandikwa Davies. Wote ni ukoo mmoja. Ukiling'ang'ania "Davies" kurudi nyuma mpaka 1700, utaishia kwenye Davies wa watu wengine.

Wanawake nao wengi waliendelea kujulikana kwa jina la baba hata baada ya ndoa, kama mama zetu. Ukikuta wosia au jiwe la kaburi lenye mke mwenye jina tofauti na la mumewe, usidhani hawakuoana.

Majina yenyewe yalikuwa machache: John, David, Evan, Thomas, William. Ndiyo maana watu walitambulishana kwa shamba. Mwanamke mashuhuri kuliko wote wa Llangrannog, Sarah Jane Rees (1839–1916), binti wa nahodha, aliyefundisha mabaharia elimu ya kuongoza vyombo na kushinda tuzo ya ushairi kwenye Eisteddfod ya Taifa (tamasha la mashindano ya ushairi na muziki) mwaka 1865, anajulikana kwa jina lake la kishairi, Cranogwen. Lakini ukimtafuta kwenye nyaraka, kinachomtenga na akina Rees wengine ni nyumba aliyozaliwa, Dolgoy Fach.

Hatua ya 2: Anza na wazee

Waulize jina la nyumba kabla ya kuuliza tarehe. Omba kuona Biblia ya familia, kwa sababu kurasa zake za mwanzo mara nyingi zina orodha ya watoto waliozaliwa. Tazama nyuma ya picha.

Hatua ya 3: Vyeti vya serikali

Usajili wa kuzaliwa, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya ofisi kuu ya usajili, inayopatikana mtandaoni, inaonyesha jina la ubini la mama wa mtoto tangu mwaka huo. Hili ni jambo kubwa. Akina John Jones waliozaliwa mwaka mmoja ni wengi, ila wale ambao mama zao walitoka ukoo wa Lewis watakuwa wachache. Cheti cha ndoa kinataja baba wa pande zote mbili na kazi zao, na pwani hii utakutana mara kwa mara na baba nahodha. Fahamu pia kwamba wilaya za usajili hazikufuata mipaka ya kaunti, kwa hiyo jina la mji usioutarajia lisikutishe.

Hatua ya 4: Sensa

Sensa zinazosomeka zinaanza 1841 na kuendelea kila miaka kumi hadi 1921, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ile ya 1841 ni ya kusoma kwa tahadhari. Waliozidi miaka 15 kwa kawaida umri wao ulishushwa hadi tano ya chini, hivyo mwenye miaka 44 ameandikwa 40. Na uhusiano wa watu wa nyumba moja haukuandikwa. Kuanzia 1851 unapata uhusiano na parokia ya kuzaliwa. Kuanzia 1891 unapata lugha ya kila mtu: Kiwelisi, Kiingereza, au zote mbili. Ya 1931 iliungua moto, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Usiishie kwenye mstari wa mtu wako. Soma ukurasa mzima, kisha uliotangulia na unaofuata. Karani alitembea kutoka shamba hadi shamba, na majirani hao ndio utakaowakuta baadaye kama mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa wosia.

Hatua ya 5: Kanisa na kapela

Daftari za parokia ziliamriwa mwaka 1538, ila parokia nyingi za Wales daftari zilizobaki ni za baadaye sana. Kabla ya 1733 tarajia Kilatini. Kuanzia 1813 ubatizo uliandikwa kwenye fomu zilizopigwa chapa, zenye kazi ya baba na mahali wanapoishi, na hapo jina la shamba linajitokeza tena. Daftari lenyewe likipotea, uliza nakala zilizopelekwa kwa askofu, ambazo ziko Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth.

Lakini Wales ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya makapela, yaani nyumba za ibada za Wakristo walio nje ya kanisa rasmi la Anglikana: Wamethodisti, Wabaptisti, Wahuru (Independents). Mtu angeweza kufunga ndoa kanisani, kubatiza watoto kapelani, na kuzikwa tena kwenye uwanja wa kanisa. Daftari nyingi za kapela za kabla ya 1837 zilikusanywa na serikali, na sasa ziko Hifadhi ya Taifa, Kew.

Hatua ya 6: Ardhi

Hapa ndipo ninapowasihi msiruke. Baada ya sheria ya 1836, zaka iliyokuwa ikilipwa kwa mazao ikageuzwa kuwa fedha, na karibu kila parokia ya Wales ikachorwa ramani. Ramani hizo zimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa, bure, pamoja na jedwali lake: mwenye ardhi, anayeilima, jina la kila konde, matumizi na ukubwa. Mtu uliyemwona kwenye sensa ya 1841 kama jina tupu, hapa unamwona na makonde yake. Maktaba hiyohiyo imeweka bure wosia zilizothibitishwa kwenye mahakama za kanisa za Wales kabla ya 1858. Wosia wa mkulima wa pwani unaweza kutaja ng'ombe, kitanda, na hisa ya jahazi. Meli ya Uingereza kisheria iligawanywa hisa 64, na wenye hisa walikuwa wakulima, wenye maduka, wajane na mabaharia wa papo hapo.

Ukifika ufukoni tafuta matanuri ya chokaa. Udongo wa Ceredigion una tindikali, kwa hiyo majahazi yalileta mawe ya chokaa na vumbi la makaa, yakapakuliwa maji yakikupwa, na chokaa ikapelekwa mashambani. Baba aliyeandikwa mkulima huenda aliishi kwa chombo kama alivyoishi mwanawe baharia.

Hatua ya 7: Bahari

Orodha za mabaharia ndizo hazina kuu. Kila mtu ameandikwa umri, mahali alipozaliwa, kazi yake chomboni, siku aliyopanda na aliyoshuka, na chombo alichotoka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ya thamani kubwa: inakupeleka kwenye orodha iliyotangulia, na ile kwenye nyingine, hadi ukamkuta kijana akianza kama mpishi wa jahazi. Orodha za meli zilizoandikishwa Aberystwyth, 1856 hadi 1914, ziko Maktaba ya Taifa. Kwa bandari nyingine, sehemu kubwa ya orodha za 1863 hadi 1938 iko Newfoundland, Kanada, na za miaka inayoishia na 5 ziko makumbusho ya bahari ya Greenwich. Za 1915 ziko mtandaoni bure. Kati ya 1845 na 1853 kila baharia alipewa tiketi ya usajili, na daftari lake linaeleza kimo, rangi ya nywele na alama za mwilini.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sensa ya 1861 inamtaja bibi wa mume wangu kama mke wa baharia, na mume hayumo. Alimwacha?*

Marahaba mwanangu. La, yaelekea alikuwa safarini. Pwani hii utakuta nyumba kwa nyumba zinaongozwa na wanawake usiku wa sensa. Kuanzia 1861 vyombo vilivyokuwa bandarini navyo vilihesabiwa, kwa hiyo mtafute Liverpool au Cardiff ndani ya meli. Akikosekana, nenda kwenye orodha za mabaharia.

*Sijui Kiwelisi hata kidogo. Nitakwama?*

Hapana, dada. Sensa na vyeti vingi viko kwa Kiingereza. Kiwelisi utakikuta kwenye mawe ya makaburi, magazeti na kumbukumbu za kapela, na kwa makaburi maneno machache yanatosha. *Er cof am* ni kwa kumbukumbu ya, *mab* mwana, *merch* binti, *priod* mume au mke, *gweddw* mjane, *hefyd* pia, *bu farw* alifariki, *oed* umri. Ukiona *a foddodd*, huyo alizama, na inawezekana mwili wake haumo kaburini. *Mawrth* ni Machi, na pia ni Jumanne. Herufi ya mwanzo nayo hubadilika: Carannog akitanguliwa na Llan anakuwa Llangrannog, C imegeuka G. Usipoona jina la shamba, jaribu herufi nyingine.

*Niko Doha, nauli ya kwenda Wales sina. Naweza kufanya nini bila kulipa?*

Mengi, kaka. Faharasa za FreeBMD (tovuti ya kuzaliwa, ndoa na vifo), ramani za zaka, wosia, na magazeti ya Wales hadi 1919 kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa, yote bure. Kwenye magazeti andika jina la shamba au la jahazi badala ya jina la mtu. Gazeti la Cambrian la Swansea, lililoanza 1804, lilichapa habari za meli kuingia na kutoka.

*Mtoto alizaliwa 1858, sensa inamwonyesha, cheti hakuna. Vipi?*

Hadi mwisho wa 1874 wazazi hawakuadhibiwa kwa kutoandikisha, kwa hiyo wengine walipita. Anza na daftari la ubatizo la kapela. Kisha tafuta cheti cha ndugu yake mdogo. Jina la ubini la mama litakuwa lilelile. Ukishalipata hilo, rudi kwenye faharasa na uangalie watoto wote wa mama huyo katika wilaya hiyo, wakiwemo walioandikwa bila jina, maana mtoto wako anaweza kuwa miongoni mwao.