Kununua chokaa ya gunia kwa tangi la matumbawe: kuipima, kuigawa na kuidondosha

Gunia la kilo 25 la chokaa laini, ile kalsiamu haidroksaidi inayotiwa majini ili matumbawe yapate kalsiamu ya kujijengea, linaweza kumtosha mfugaji mmoja wa matumbawe zaidi ya miaka minane. Ndiyo faida yake, na ndiyo hasara yake pia. Chokaa hula hewa ukaa iliyomo hewani na kurudi kuwa jiwe, yaani kalsiamu kaboneti, ambayo haiyeyuki katika maji safi na haimsaidii tumbawe yeyote. Kwa unyevu wa Malindi na Lamu, gunia lililofunguliwa likafungwa kwa kamba huharibika kabla hujafika hata robo. Kwa hiyo bei ya kilo haikuambii kitu mpaka ujue ni gramu ngapi za kilo hiyo bado ni chokaa.

Hatua 1: Jua unahitaji kiasi gani

Maji ya chokaa hutumika kufidia maji yanayopotea kwa mvuke, basi anza na mvuke. Zima pampu ya kujazia, weka alama ya kalamu ubavuni mwa tangi la chini, lile linalopokea maji kutoka tangi kuu, na baada ya saa 24 rudishia maji kwa jagi lenye vipimo mpaka kwenye alama. Fanya hivyo siku tatu. Ukipima wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu na feni ikizunguka juu ya maji, usitarajie kupata jibu lilelile mvua za kusi zikianza. Pima misimu yote miwili.

Tuchukue tangi la lita 400 linalopoteza lita 4 kwa siku. Ukitia gramu 2 za chokaa kwa kila lita ya maji ya kujazia, ni gramu 8 kwa siku, karibu kilo 3 kwa mwaka. Maji yenyewe huyeyusha gramu 1.5 hadi 1.6 tu kwa lita kwa joto letu. Inayobaki hutuama chini. Tena chokaa ni kinyume cha sukari: maji yakizidi joto, huyeyuka kwa uchache, kwa hiyo usichemshe maji ukidhani unaisaidia.

Lita moja ya maji ya chokaa yaliyokolea, ikiingia katika lita 100 za tangi, hupandisha KH, yaani kipimo cha ualkali wa maji, kwa digrii 1.1 hivi na kalsiamu kwa miligramu 8 kwa lita. Tangi letu la mfano, likipokea lita 4 zote zikiwa zimekolea, lingepata digrii hizohizo 1.1 kila siku. Kwa matumbawe laini na magumu machache hiyo imezidi. Kwa tangi lililojaa matumbawe magumu yanayokua kwa kasi huenda isitoshe, na hapo utahitaji njia nyingine pembeni, maana huwezi kutia maji mengi kuliko yanayopotea.

Hesabu ikishakaa sawa, utaona kwamba gunia zima ni la watu wanane wa kugawana mwaka mmoja. Kama huna wenzako, nunua kilo mbili tatu kwa bei ya juu kidogo. Bado utakuwa umeokoa pesa.

Hatua 2: Chagua chokaa, na ukatae nyingine

Ya daraja la chakula ndiyo inayofaa kwa ununuzi wa jumla. Hutambulika kwa alama E526, na namba ya kemikali yake ni 1305-62-0. Ya maabara ni safi zaidi, ila huuzwa kwa makopo ya nusu kilo na bei yake haina uhusiano na gunia.

Ya ujenzi, ile ya maduka ya vifaa, ndiyo inayowashawishi wengi. Nyingine ni safi kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyeahidi usafi huo: gunia la leo laweza kuwa zuri na la mwezi ujao likawa limetoka kwenye mwamba wenye magnesiamu nyingi. Haidroksaidi ya magnesiamu haiyeyuki, hukaa chini kama tope, nawe umeilipia.

Chokaa ya tanuu ya Lamu, inayochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, iache ukutani. Ina majivu, mchanga, chumvi, na vipande ambavyo moto haukuvifikia. Chokaa ya tambuu nayo ni ya mdomo wa mlaji, haijatengenezwa kwa kupimwa risasi wala shaba. Na asije mtu akaokota mawe ufukweni achome yake: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, kuchukua matumbawe ni kosa, yawe hai au mafu.

Jihadhari zaidi na chokaa isiyozimwa, ile ambayo haijapata maji bado. Namba yake ni 1305-78-8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha zikisagwa, lakini hiyo ikigusa maji huwaka joto la kuunguza.

Hatua 3: Zungumza na muuzaji kabla ya kutuma pesa

Omba cheti cha uchambuzi cha bechi hiyohiyo iliyomo dukani. Karatasi ya sifa za bidhaa kwa jumla haitoshi. Soma mambo manne: kalsiamu haidroksaidi isipungue asilimia 92, na ikifika 95 au zaidi ni bora, risasi isizidi miligramu 2 kwa kilo, magnesiamu iwe ndogo, na tarehe ya kutengenezwa. Tarehe ndiyo wanayoisahau wanunuzi. Chokaa ya asilimia 97 iliyokaa ghalani karibu na bahari miaka miwili haiko tena 97, hata cheti kikisema hivyo.

Kisha omba sampuli ya nusu kilo kutoka gunia lililofungwa, na uilipie. Muuzaji anayekataa kuuza sampuli kwa pesa amekwisha kukujibu.

Hatua 4: Pima sampuli

Vaa glavu za mpira, miwani inayofunika pembeni, na barakoa. Vumbi la chokaa machoni si jambo la kupangusa kwa leso: ni kuosha kwa maji yanayotiririka dakika zisizopungua 15, kisha hospitali.

Jaribio la joto kwanza. Tia gramu 20 katika mililita 100 za maji ndani ya kikombe cha chuma cha pua, wala si glasi, koroga kwa kijiti, subiri dakika kumi. Chokaa iliyozimwa itabaki karibu na joto la maji. Kikombe kikipata moto wa kutoshikika, hiyo haijazimwa, irudishe.

La pili ni la siki. Gramu moja, uiloweshe kwa maji kidogo, kisha mimina mililita 50 za siki nyeupe. Sikiliza na utazame. Chokaa hai huyeyuka kimyakimya, maji yakawa meupe kisha yakaangaza. Mapovu machache ni kawaida. Povu linalochemka kama soda iliyotikiswa ni kaboneti: chokaa imeshakula hewa. Chembe zinazobaki chini baada ya dakika kumi ni mchanga au uchafu mwingine.

La tatu linatoa namba, na ndilo la kuaminiwa kuliko yote. Pima gramu 1.5 kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu au chini yake, tia kwenye chupa ya lita moja ya maji ya RO (yaliyochujwa mpaka chumvi zikatoka), jaza mpaka juu, funga, tikisa vizuri, acha itulie saa kadhaa. Chota mililita 50 za maji ya juu yaliyo maangavu, ongeza maji ya RO mpaka ifike lita moja, kisha pima KH kwa kipimo kilekile cha tangi lako. Chokaa safi itasoma karibu digrii 5.7. Ikisoma 4, unanunua gunia ambalo karibu theluthi yake ni jiwe au mchanga. Ukiwa na kipima EC, yaani cha upitishaji umeme wa maji, kinachofika mbali, maji yale kabla ya kuyazimua yatasoma karibu millisiemens 10 kwa sentimita.

Sasa ndipo bei ya kilo ina maana. Gunia rahisi lenye theluthi mfu linganisha na la ghali lisilo nayo, ugawe bei kwa kilo zilizo hai.

Hatua 5: Kusafirisha na kugawa

Gunia la karatasi likienda Lamu litavuka kutoka Mokowe kwa boti, na rasharasha za mawimbi hazimwulizi mtu. Livishe mifuko miwili ya plastiki nzito, uifunge kila mmoja peke yake, na uliweke juu ya ubao, lisiguse maji ya chini ya chombo. Likipanda punda, mwambie mwenye punda ni chokaa, wasilitupe kama gunia la mchele.

Kugawa kufanyike siku moja, haraka, mahali pasipo upepo. Andaa mifuko kabla ya kufungua gunia. Kilo moja moja katika mfuko mzito, bana hewa yote itoke, funga, tia mfuko wa pili, kisha panga ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira wa kuziba. Mfuko unaotumika uwe mmoja tu, mingine isifunguliwe.

Andika SUMU kila mfuko kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe. Chokaa hii haina tofauti na unga wa ngano kwa macho. Usiihifadhi jikoni, wala katika ndoo tupu ya mafuta ya kupikia, hata kama umeiosha vipi. Rudia jaribio la KH kila baada ya miezi mitatu minne.

Hatua 6: Kuchanganya

Tumia maji ya RO. Maji ya visima, ya Shela au ya bara, huja na bikaboneti zake zilizoyeyuka, nazo zikikutana na chokaa hugeuka unga mweupe papo hapo. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yaweza kubeba zinki.

Chombo kiwe ndoo au jerikeni ya plastiki yenye mfuniko. Usichanganyie kamwe katika sufuria ya alumini: chokaa huila alumini na kutoa gesi inayowaka moto. Tia maji kwanza, kisha gramu 2 kwa lita, koroga taratibu dakika moja au mbili, funika, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta maji maangavu, tope chini, na pengine utando mwembamba juu kama barafu ya kioo. Utando huo ni chokaa iliyokutana na hewa. Usiuvunje bila sababu.

Mdomo wa bomba la kunyonyea ukae sentimita tano au zaidi juu ya tope. Hapo chini hubaki sehemu kubwa ya metali zilizokuja na unga. Anayekoroga ndoo kila asubuhi ili "isipotee" anazirudisha tangini.

Hatua 7: Kudondosha

Dondosha usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu ndipo pH ya tangi, kipimo cha asidi na besi, hushuka. Mipira ya dripu ya hospitali, inayouzwa kwenye duka la dawa, hufanya kazi nzuri. Soma pakiti yake: mingi hutoa matone 20 kwa mililita. Lita 2 kwa saa 10 ni matone 67 kwa dakika, kasi kidogo kuliko mshale wa sekunde. Elekeza tone mahali maji yanapokwenda kwa nguvu, mbali na mdomo wa pampu na hita, la sivyo zitaota ganda.

Wiki ya kwanza fidia robo tu ya mvuke kwa maji ya chokaa, iliyobaki kwa RO tupu. Pima KH kila siku saa ileile, na pH alfajiri. KH ikiendelea kushuka, ongeza hadi nusu, na kuendelea. KH ikae kati ya digrii 7 na 11 pasipo kurukaruka. pH isipite 8.5.

Yanayoharibika

Umeme ukikatika, pampu za tangi hunyamaza lakini dripu ya mvuto haijui habari hiyo. Matone yanaendelea kuanguka katika maji yaliyosimama, pH ya kona ile inapaa, na umeme ukirudi wingu jeupe linasambaa tangi zima. Kwa hiyo ama tumia pampu ndogo ya umeme inayozimika pamoja na nyingine, au ning'iniza chombo chenye maji ya usiku mmoja tu, kamwe siyo lita 20. Floti iliyonasa wazi huleta msiba uleule, na mkubwa zaidi.

Maji yakigeuka maziwa, funga chokaa, ongeza hewa, na upime pH. Ikiwa imepita 8.6 na samaki wanahema, soda ya maji isiyo na sukari wala ladha, mililita 1 kwa kila lita ya tangi, iliyomiminwa polepole kwenye tangi la chini, huishusha. Pima tena kabla ya kuongeza. Kesho yake KH itaonekana imeshuka, kwa kuwa kaboneti imeanguka kama theluji. Usikimbilie kuipandisha kwa siku moja.

Mpira wa dripu huziba kwa ganda jeupe kila baada ya wiki chache: uloweke katika siki usiku mmoja, suuza, urudishe. Tope la ndoo lisimwagwe kwenye sinki wala baharini. Likiwa na mililita mbili tatu za maji juu yake, lijaze siki mpaka liache kuchemka, kisha ulimwage kwenye shimo la taka.