Kuishika Shabati Chuoni Tabora: Mwongozo kwa Mwanafunzi Myahudi na Rafiki Zake

Mwanafunzi Myahudi anayekuja kusoma Tabora, awe ametoka katika jumuiya yetu ndogo ya Arusha au amevuka mpaka kutoka Mbale nchini Uganda, kwa kawaida atajikuta peke yake chuoni, na akibahatika sana watakuwa wawili. Mimi nilikuwa peke yangu, na mwaka wa kwanza niliupoteza wote nikisubiri tutimie watu kumi ndipo tuanzishe jambo. Kosa hilo ndilo ninalotaka kumwepusha atakayenifuata. Watu kumi ni idadi ya minyani, yaani watu wazima wanaohitajika ili Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu, isemwe na Torati isomwe hadharani. Baadhi ya jumuiya huhesabu wanaume tu, nyingine huhesabu na wanawake. Lakini hakuna anayehitaji watu kumi ili awashe mishumaa, aseme Kidushi, yaani baraka juu ya divai, asali Amida, sala yetu ya kusimama, au amkaribishe jirani chakula. Kwa hiyo anza na meza ya Ijumaa jioni, Shabati, siku yetu ya mapumziko, inapoingia, hata ikiwa ni mkeka na sinia moja, na usiandike katiba ya chama kabla hujapika.

Haya si mageni katika historia yetu. Hillel, shirika linalowahudumia wanafunzi Wayahudi vyuoni katika nchi nyingi, lilianzia katika chuo kikuu kimoja tu, cha Illinois nchini Marekani, mwaka 1923. Karibu zaidi na sisi wako Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, ambao kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alitahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919 na kuingia katika dini hii bila kuwa na rabi wa kumwongoza. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, na waliobaki walisali kwa siri majumbani mwao. Mtu anayelalamika kwamba Tabora hakuna mazingira ya kuishika dini yetu awakumbuke hao.

Barua itangulie

Katika wiki ya kwanza ya muhula, kabla ratiba ya majaribio haijabandikwa, nenda kwa mshauri wa wanafunzi ukiwa na barua mkononi. Mimi nilichelewa. Nilipeleka barua yangu Alhamisi kwa ajili ya jaribio la Jumamosi, na mwalimu wa somo akanijibu, kwa haki kabisa, kwamba hawezi kutunga mtihani mwingine kwa siku moja; alama zile nilizikosa, na zilinifuata hadi mwisho wa mwaka.

Barua iwe fupi na iombe jambo linalotekelezeka. Yangu ya mwaka wa pili ilisema hivi: "Mimi ni Myahudi, na dini yangu inanizuia kuandika tangu jua linapozama siku ya Ijumaa hadi nyota zinapoonekana Jumamosi usiku. Ninaomba, pale mtihani utakapoangukia muda huo, nifanye Ijumaa asubuhi au Jumapili, nikiwa chini ya uangalizi tangu wenzangu wanapoanza ikibidi, ili siri ya mtihani isivuje." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango, kwa sababu hofu ya chuo si dini yako bali ni kuvuja kwa maswali. Uhuru wa kuabudu umewekwa katika Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi, nawe una haki ya kuitaja, lakini usianze nayo. Mtu akiombwa kwa heshima husikiliza kuliko akitishwa kwa sheria.

Utaulizwa kama wewe ni Msabato. Jibu kwa upole kwamba siku mnayoitukuza ni moja lakini dini ni mbili, kisha watafute Waadventista Wasabato wa chuo chako, maana mara nyingi wao wameshajadiliana na uongozi kuhusu mitihani ya Jumamosi na wanajua ni ofisi ipi inayosaini nini. Ndugu hao walinisaidia kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna pia usafi wa mazingira, ambao nchini kwetu hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usijifiche chumbani siku hiyo. Mwombe kiongozi wa bweni akupangie eneo lako siku ya Ijumaa mchana au Jumapili, na ulisafishe kiasi kwamba hakuna atakayesema dini yako ni kisingizio cha uvivu.

Saa za Tabora ni za Tabora

Watu wengi hubeba jedwali la saa la Dar es Salaam au la Nairobi, na hapo hupotea. Jua la Tabora huzama takriban dakika 25 baada ya la Dar es Salaam, kwa sababu tuko magharibi zaidi huku saa ya ukutani ikiwa moja nchi nzima, na Kigoma huchelewa tena kwa dakika 12 hivi kuliko Tabora. Anayetumia jedwali la Dar es Salaam atawasha mishumaa mapema, jambo ambalo halina ubaya, lakini Jumamosi ataifunga Shabati yake wakati kwa saa za huku bado haijaisha. Weka jina la Tabora katika programu ya kalenda ya Kiyahudi kwenye simu yako, nakili saa za muhula mzima kwenye daftari, na uzime simu. Kwa mwaka mzima jua la hapa huzama kati ya saa 12:40 jioni na saa 1:10 usiku hivi, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya hapo.

Kuhusu mishumaa yenyewe, uliza kwanza. Mabweni mengi yanakataza moto wa wazi, na katazo hilo ni la haki katika nchi iliyokwisha kuzika watoto waliounguzwa na moto wa mabweni. Omba sehemu ya nje ya chumba, ukumbi mdogo au baraza ya mlezi wa bweni, weka mishumaa mifupi juu ya sinia lililojaa mchanga, na ukae nayo mpaka iishe, kwa kuwa ikishawashwa huruhusiwi kuizima. Usiwashe kitandani kwako kwa siri hata siku moja.

Jiko

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo urafiki unapopatikana.

Nyama iache. Mchinjaji Mwislamu humtaja Mungu na hukata koo kama tunavyofanya sisi, lakini sheria zetu za kisu, za mapafu na za kutoa damu ni nyingine, na bila mchinjaji wetu hakuna namna ya kuzitimiza. Samaki ndiye atakayekulisha. Sheria inataka mapezi na magamba, na Mungu ametujalia Ziwa Tanganyika: migebuka na dagaa wa Kigoma hufika sokoni Tabora wakiwa wakavu, na sato na sangara nao wanafaa. Kambare hafai, kwa sababu hana magamba, hata akipikwa kwa nazi vipi. Samaki mnunue akiwa mzima na ngozi yake, ili magamba uyaone kwa macho yako. Dagaa wachambue juu ya ungo mweupe, maana huchanganyika na viumbe wengine wadogo. Mchicha na matembele yaloweke katika maji ya chumvi na uyaoshe jani kwa jani, kwa sababu wadudu ndio marufuku inayosahaulika kuliko zote. Michembe, karanga na maharage havina shida, vikichambuliwa.

Kwa kuwa bwenini hupiki, tafuta mama lishe mwenye subira, umlipe mkaa na nafasi ya jiko moja kuanzia saa tisa alasiri. Nunua sufuria mpya mbili, mwiko na kisu, na vyote viwe vyako. Yule niliyempata mimi, mkabala na geti la chuo, alidhani mwanzoni kwamba ninamwona mchafu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikaketi nikamweleza kwamba hata mama yangu mzazi akipika nyama ya sokoni katika sufuria hiyo, nayo haitanifaa. Alicheka akasema, "Basi mwanangu, hii yako nitaifunga kitambaa chekundu nisije nikaikosea." Kitambaa kile kipo hadi leo. Moto niliuwasha mwenyewe, kwa sababu mila zetu zinataka Myahudi awe na mkono katika mapishi, naye akanifundisha kuoka.

Kwa meza ya Shabati unahitaji mikate miwili mizima. Pima unga wa ngano nusu kilo, hamira vijiko viwili vya chai, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kidogo, mafuta ya kula robo kikombe na yai moja, ambalo utalivunjia kwanza katika kikombe cha kioo na kulitupa ukiona tone la damu. Kanda kwa maji ya vuguvugu hadi unga usishike vidole, uufunike, uuache uumuke kwa saa moja na nusu. Gawa mara mbili, na kila sehemu uisuke nyuzi tatu kama msichana anavyosukwa nywele. Panga mikate katika sufuria pana, nzito, iliyopakwa mafuta, ifunike kwa mfuniko bapa, kisha upalie: makaa machache chini, mengi juu. Mama yangu yule wa jikoni husogeza kiganja chake juu ya mfuniko na kuhesabu kimoyomoyo. Akifika tano bila kuondoa mkono, anaongeza kaa. Baada ya nusu saa harufu yenyewe itakwambia.

Divai ya kosha, yaani inayokubalika kwa sheria zetu, hutaipata, wala usiitafute. Zabibu kavu ziloweke tangu Alhamisi, ziponde, zichemshe kidogo na uzichuje; maji yake yanatosha kwa Kidushi. Na kwa kuwa moto hautaguswa tena hadi Jumamosi usiku, chakula kiingie katika hotipoti na chai katika chupa kabla jua halijazama.

Watakaokaa mezani

Karibisha watu wanne, si ishirini. Karibisha mwenzako wa chumba, jirani Mwislamu ambaye anajua kwamba Ijumaa ina uzito wake, Mkatoliki mmoja na yule mtu mpole ambaye haalikwi popote. Eleza kila tendo kwa maneno machache kabla ya kulitenda, usihubiri, wala usimtafute muumini mpya. Dini yetu haina desturi hiyo, na ukilisema waziwazi utaona mabega ya watu yanashuka.

Mazungumzo ya Israeli na Palestina yatakuja. Kumbuka kwamba nchi yetu nayo ina jeraha katika habari hiyo, kwani wanafunzi wawili wa Kitanzania waliokwenda kusomea kilimo Israeli walipoteza maisha kutokana na shambulio la Oktoba 7, 2023, na wapo chuoni wanaoumia vilevile kwa ajili ya watu wa Gaza. Nilichojifunza ni kusema mapema kwamba mimi si balozi wa serikali yoyote, kisha kusikiliza hadi mwisho. Mtu akikutusi kwa sababu ya dini yako, hilo ni jambo jingine. Liandike, taja tarehe na mashahidi, na ulipeleke kwa mshauri wa wanafunzi bila kuchelewa.

Sikukuu na kazi za chuo

Mwaka mpya wetu, Rosh Hashana, huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati vyuo vingi bado vimefungwa. Ukiwa mjini, tofaa lako lichovye katika asali ya nyuki ya Tabora, ambayo hakuna mji wa Wayahudi duniani usioweza kutuonea wivu kwayo. Hanuka, sikukuu yetu ya mishumaa ambayo kwa kawaida huja Desemba, ndiyo rahisi ya kushirikisha watu: nunua mishumaa 44 kwa usiku wote nane, na badala ya kutafuta mapishi ya mbali, kaanga kalimati. Pasaka yetu ya Kiyahudi ndiyo ngumu, kwa kuwa huja Machi au Aprili katikati ya masomo, na kwa siku nane mkate, chapati na maandazi ni marufuku. Kuhusu mahindi na maharage desturi hutofautiana, kwa hiyo iulize jumuiya iliyokulea kabla hujaukataa ugali.

Zaidi ya meza, jitokeze katika kazi za wote: kuchangia damu hospitali ya Kitete, kupanda miti, kumfundisha hesabu wa mwaka wa kwanza. Mambo haya yafanye kama mwanachuo, bila bango.

Jumamosi usiku, nyota tatu zikishaonekana juu ya miembe, fanya Havdala, ibada fupi ya kuiaga Shabati. Mishumaa miwili ukiiunganisha ndimi zake inatosha, na manukato ni karafuu na iliki za gengeni katika kikopo.

Utakapomaliza masomo, vyote hivi viweke katika sanduku moja la bati: sufuria zenye kitambaa chekundu, kisu, siduri (kitabu cha sala), daftari la saa, nakala ya barua iliyokubaliwa yenye mhuri, na jina la mama lishe wako. Ufunguo mwachie mlezi, na jina la atakayeupokea uliandike ndani ya mfuniko hata kama bado hujamjua: "Mwanafunzi Myahudi atakayekuja."