Kuhamisha WhatsApp kwenda Simu Mpya Bila Kupoteza Majina, Mazungumzo wala Siri Zako

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumaliza Jumamosi nzima nikimhamishia mama mdogo WhatsApp kutoka simu yake ya zamani, ambayo kioo chake kilipasuka, kwenda simu mpya. Mama mdogo anauza dagaa Kibirizi, mjini Kigoma, na oda zake kutoka Tabora, Mwanza na Dar es Salaam humfikia kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo kupotea kwa mazungumzo hayo kungekuwa sawa na kuunguliwa na daftari la madeni. Maelezo haya ni kwa wanaotoka Android kwenda Android.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba laini ni yako. WhatsApp humtambua mtu kwa namba ya simu, na hapa kwetu Tanzania laini ikipotea hurudishwa kwa yule aliyeisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, si kwa anayeitumia. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini ya mama mdogo ilikuwa kwa jina la mwanawe aliyeko Kasulu, na tulimsubiri aje mjini kulinyoosha jambo hilo kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya pili ni akaunti ya Google, na hapa ndipo siku yetu ilipoishia. Simu nyingi tunazonunua huwashwa na muuzaji mwenyewe: mteja anasimama kaunta, kijana wa duka anaingiza akaunti aliyonayo, anapakua WhatsApp, anakabidhi. Kwenye simu ya zamani fungua Play Store, gusa duara lililo juu upande wa kulia, usome anwani ya barua pepe iliyomo. Kama huijui anwani hiyo, au huna nenosiri lake, simama hapo hapo.

Sisi tulikuta jina la mtu mwingine likifuatiwa na tarakimu nyingi, nami kwa haraka zangu nikaiondoa akaunti hiyo papo hapo. Majina yote ya wateja yakatoweka, maana yalikuwa yamehifadhiwa ndani yake. Ikabidi twende hadi dukani, Mwanga, kijana akaiingiza upya na majina yakarudi. Kumbe alikuwa akiitumia akaunti hiyo hiyo kwa wateja wake wengi, na ndiyo sababu mama mdogo alikuwa akiona kwenye simu yake majina kama "Fundi Bati Ujiji" ambayo hajawahi kuyaandika. Na majina ya wateja wake nayo yalikuwa yakisomeka kwenye simu za watu asiowajua.

Mpangilio sahihi, basi, ni huu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya akaunti, uongeze akaunti mpya iliyo yako, ukiifungamanisha na namba yako ya simu, na nenosiri lake uliandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kisha fungua programu ya majina, uyatoe majina yote kama faili, uliingize faili hilo kwenye akaunti mpya, na ufute yale usiyoyafahamu. Baada ya hapo nenda kwenye nakala rudufu (backup), yaani nakala ya mazungumzo inayowekwa Google, ndani ya WhatsApp na ubadilishe akaunti inayopokea nakala. Akaunti ya duka iondolewe mwisho kabisa, tena baada ya kuhakikisha kwamba majina yanaonekana chini ya akaunti mpya. Usijaribu njia ya mkato ya kuifuta simu yote ingali na akaunti ya duka, kwa sababu tangu Android 5.1 simu iliyofutwa huweza kudai akaunti iliyokuwemo, na usipokuwa na nenosiri lake unabaki na kioo na plastiki.

Hatua ya tatu ni kuhamisha. Kama simu ya zamani bado inawaka, tumia njia ya msimbo wa QR ambayo WhatsApp iliileta mwaka 2023. Mimi sipendekezi nyingine. Washa Wi-Fi na huduma ya mahali kwenye simu zote mbili, uthibitishe namba kwenye simu mpya, ukubali kuhamisha, kisha msimbo utakaotokea uusome kwa kamera ya simu ya zamani. Mazungumzo hupita kutoka simu hadi simu bila kupitia Google, na kifurushi hakiliwi.

Hatua ya nne ni kuifunga nakala rudufu. Ujumbe wenyewe umelindwa tangu 2016 kwa usimbaji fiche, yaani husomeka kwa mtumaji na mpokeaji tu, lakini nakala inayopelekwa Google hailindwi hivyo mpaka uwashe kinga hiyo mwenyewe, na uwezo huo ulikuja mwaka 2021. Utaulizwa kama unataka nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Ufunguo huo una wapenzi wake. Mimi nauogopa, kwa kuwa tarakimu moja ikinakiliwa vibaya nakala haifunguki, na hakuna ofisi itakayokufungulia. Mama mdogo alichagua sentensi ndefu ya Kiha, nasi tukaiandika kwenye daftari herufi kwa herufi kama alivyoibonyeza, maana kila mtu anakiandika Kiha kwa namna yake. Video ziache nje ya nakala, kwa sababu sasa nakala inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za Google.

Hatua ya tano: ndani ya WhatsApp, kwenye uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita ili mtu mwingine asiisajili namba yako kwenye simu yake, na barua pepe pia, kwani ukiisahau namba hiyo bila barua pepe utasubiri siku saba.

Simu ya zamani ikae wiki mbili kabla ya kufutwa. Ya mama mdogo bado iko kabatini, imezimwa, kwa sababu siku ya tatu alikumbuka picha za risiti za mzigo wa Tabora zilizokuwa humo peke yake.