Kupima sumu kwenye mfongo na kihamba kwa wadudu, nyungunyungu na vitunguu

Maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa umwagiliaji, huku Kibosho mkoani Kilimanjaro huwa maangavu hata siku yanayoua. Shaba iliyoyeyuka kwa kiasi cha kumaliza konokono haionekani kwa macho, na dawa ya ruhuka, mdudu wa kahawa, ikishachanganyika na maji ya mlimani haina harufu. Anayeinama akachota kiganjani na kusema "mbona safi" hajapima kitu. Mimi nimefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, na kipimo ninachokiamini kuliko jicho ni wale wanaoishi humo. Kaa na vibuu wa mfongoni hawana pa kuhamia. Sumu iliyopita wiki jana usiku imewapitia wao, wakati chupa ya sampuli inashika maji ya dakika ile tu uliyochota.

Ninayoeleza hapa yanafanyika kwa vitu vya nyumbani. Nimeyaandika nikiwafikiria wenye kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye kahawa, migomba na mfongo unaopita katikati, lakini mkulima wa mboga bondeni naye atayaweza.

Vifaa, na onyo kuhusu chandarua

Tafuta chujio la jikoni lenye mpini, beseni jeupe, kijiko, gambuti na daftari. Beseni liwe jeupe kweli, maana wadudu hawa wana rangi ya tope na kwenye beseni la bluu hutawaona. Wengi hukimbilia kukata chandarua kuukuu wakatengeneza wavu. Usifanye hivyo. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki vimetiwa dawa ya jamii ya pirethroidi, na hiyo huua wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno. Utajikuta umekuja kutafuta sumu uliyoileta mwenyewe. Kipande cha pazia jepesi kinatosha.

Masika yaishe kwanza. Mafuriko huwasomba wadudu wote, wa maji safi na wa maji machafu, na utaisingizia sumu kosa la mvua. Chagua sehemu mbili zinazofanana kwa mawe na kasi ya maji: moja juu ya pale unapopashuku (mtambo wa kumenyea kahawa, au mahali watu wanapooshea mabomba ya kupulizia), nyingine chini yake. Anza na ya chini ndipo upande, ili usije ukapima tope ulilolitibua mwenyewe.

Tega wavu ukitazamana na mkondo, kisha vuruga mawe yaliyo mbele yake kwa mguu. Geuza mengine kwa mkono, kung'uta majani yaliyokwama na nyasi za ukingoni. Dakika 5 zinatosha. Mimina vilivyonaswa kwenye beseni lenye maji kidogo, tulia, subiri vianze kutembea. Ukimaliza kuhesabu warudishe.

Alama

Afrika Kusini wana mfumo wa wananchi na wanafunzi wa kupima afya ya mto, uitwao miniSASS, ambao haukudai ujue jina la kila mdudu bali kundi lake tu. Tanzania tunao wa kwetu wa kitaalamu, TARISS, ila huo unamtaka mtu aliyesomea. Kila kundi lina alama kulingana na linavyoumizwa na uchafu. Kibuu bapa mwenye mikia miwili na kucha mbili kila mguu, anayetambaa chini ya jiwe kwenye maji ya kasi, ana 17. Huyo ndiye wa kwanza kutoweka. Vibuu wenye mikia mitatu na mashavu ya kupumulia kama vijani yanayopepea ubavuni wana 11, isipokuwa wale wembamba wanaochomoka kama visamaki, ambao wana 5. Wanaojijengea vijumba vya mchanga au vijiti wana 9. Kaa na kamba wa maji baridi ni 6, kibuu wa kereng'ende mnene 6, mwembamba 4. Kunguni na mbawakawa wa maji wana 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Ruba, minyoo ya kawaida na funza wa jamii ya nzi na mbu wana 2 tu.

Jumlisha alama za makundi uliyoyaona, bila kujali kila kundi lina wangapi, kisha gawanya kwa idadi ya makundi. Tuseme juu umepata mikia miwili, mikia mitatu, wenye vijumba, kaa, kereng'ende mnene na funza: 51 kwa 6, yaani 8.5. Chini umepata konokono, ruba, minyoo na funza: 10 kwa 4, yaani 2.5. Kwenye mto wa mawe, wastani wa 8 ni afya njema, na ukishuka chini ya 5 mto umeumia.

Wengi huishia kwenye namba. Mimi naona namba ni mwanzo tu, kwa sababu 2.5 haikwambii ni sumu gani. Tazama nani hayupo.

Wakibaki minyoo na funza wekundu kwa wingi, na mawe yamevaa utelezi wa kijivu, shuku maji ya maganda ya kahawa au ya choo. Maji ya kumenyea yamejaa sukari na asidi. Bakteria wakiyashambulia humaliza oksijeni. Funza wale ni wekundu kwa sababu wana himoglobini kama sisi, wanavuta hata oksijeni kidogo iliyobaki. Hili utaliona msimu wa kuvuna, kuanzia Julai.

Wadudu na kaa wakitoweka kwa mkupuo, lakini konokono, ruba na minyoo wapo wazima, hiyo ni dawa ya kuulia wadudu. Dawa hizi hulenga neva. Za jamii ya klopirifosi huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, mnyama anatetemeka mpaka anakwisha; pirethroidi huacha milango ya neva wazi. Kaa si mdudu, lakini ni ndugu wa karibu na anaumia vivyo hivyo. Ukiwahi siku yenyewe utawaona vibuu wakielea na mkondo, wameachia mawe. Wiki chache baadaye mawe hugeuka kijani, kwa kuwa waliokuwa wakiula ukungu ule wa kijani wamekufa. Watu husifia mfongo "umestawi".

Konokono wakiwa wa kwanza kukosekana na mawe yakawa matupu bila hata kijani, fikiria shaba. Mnyama wa maji baridi hupoteza chumvi mwilini kila wakati, na lazima aivute tena kutoka majini. Shaba huziba njia hiyo. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, uliwahi kutumika makusudi kuua konokono wa kichocho, na mwani kwenye mabwawa. Kwa hiyo anayeosha bomba la kopa, yaani dawa ya shaba, kwenye mfongo anafanya kazi ileile bila kutumwa.

Udongo wa chini ya kahawa

Hapa ndipo penye jambo langu hasa. Kahawa ya Kilimanjaro imepuliziwa dawa ya kopa kwa miongo mingi kwa ajili ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Dawa nyingi za wadudu huoza taratibu. Shaba ni metali, haiozi. Hukamatwa na mboji na udongo wa mfinyanzi, ikabaki kwenye tabaka la juu, palepale nyungunyungu wanapoishi. Wafaransa walianza kupulizia zabibu mchanganyiko wa mrututu na chokaa mwaka 1885, na mashamba yao yana mzigo huu mpaka leo. Umoja wa Ulaya sasa unaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7, basi.

Chimba kipande cha sentimita 20 kwa 20 kwa 20 chini ya mikahawa, kingine kati ya migomba isiyofikiwa na dawa. Mwaga kwenye turubai, hesabu nyungunyungu, na uwatenge wakubwa na wadogo. Wakubwa wapo lakini watoto hakuna? Usifurahi. Shaba huwazuia kutaga muda mrefu kabla ya kuwaua. Unaona wazee wa ukoo usio na wajukuu. Tafuta pia vifuko vya mayai, vidogo kama punje ya ulezi au mchele, rangi ya kahawia. Halafu tazama matandazo: majani ya miaka yamelala tabaka juu ya tabaka bila kuoza, kwa sababu wa kuyala hawapo.

Ukitaka ushahidi zaidi, waache wachague wenyewe. Beseni la plastiki, kadibodi katikati. Upande mmoja udongo wa chini ya kahawa, wa pili udongo wa aina ileile usiopuliziwa; kwetu tunaozikana kihambani, pembeni ya makaburi ni mahali pazuri, hakuna anayepulizia babu. Lowanisha pande zote sawasawa, mpaka ukifinya unashikamana bila kutoa maji. Ondoa kadibodi, weka nyungunyungu 10 juu ya mstari, funika na kitu chenye matundu, weka kivulini saa 48. Rudisha kadibodi, hesabu. Maabara zina kanuni kwamba wakibaki chini ya asilimia 20 upande unaopimwa, udongo huo haufai tena kuwa makazi yao. Fanya beseni tatu, na moja la ziada lenye udongo mmoja pande zote: humo wanapaswa kugawanyika karibu nusu kwa nusu. Wasipogawanyika, kuna kasoro kwenye jaribio, si kwenye shamba. Kosa la kawaida ni upande mmoja kuwa mkavu au kuwa na samadi zaidi. Watahama kwa sababu hiyo tu.

Kwa maji, tumia vitunguu. Kipimo hiki kilianzishwa na Albert Levan wa Sweden mwaka 1938. Weka kitunguu mdomoni mwa glasi, kitako kiguse maji; glasi kadhaa za mfongo, kadhaa za mvua. Badilisha maji kila siku. Siku ya nne au ya tano pima mizizi. Penye shaba huwa mifupi, minene, imejikunja.

Ukishajua

Usioshe bomba mfongoni. Suuza mara tatu shambani na maji hayo uyapulizie kwenye mikahawa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kuharibu mazingira zikae mita 60 kutoka mtoni, ingawa aliyeiandika huenda hakuwaza kihamba ambacho mfongo unapita nyuma ya jiko. Maji ya kumenyea yachimbiwe shimo mbali na mkondo. Mikahawa ya zamani ikifikia kung'olewa, badilisha kwa miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya pale Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu. Hapo kopa haina kazi. Shaba iliyopo huitoi, ila unaweza kuifunga: samadi na mboji kwa wingi, na chokaa kama udongo una asidi.

Ukipeleka udongo maabara, chukua wa sentimita 10 za juu kutoka sehemu kadhaa, uchanganye kwa kijiko cha plastiki. Omba wapime shaba, pH (kipimo cha asidi) na kiasi cha mboji kwa pamoja. Wakikupa namba ya shaba peke yake, rudi uombe pH, kwa sababu kiasi kilekile cha shaba huuma zaidi kwenye udongo wenye asidi.