Mtoto Anapoomba Chuo cha Tiba Ughaibuni: Maelezo kwa Familia za Mtwara na Lindi

Familia nyingi za Mtwara na Lindi zinazoishi Uingereza husafiri kwenda nyumbani mwishoni mwa Julai na mwezi Agosti, shule zinapokuwa zimefungwa. Kwa kijana anayetaka kusomea udaktari, kipindi hichohicho ndicho cha mtihani wa UCAT, ambao vyuo vingi vya tiba vya Uingereza huutumia kuchuja waombaji, na ambao mtu huruhusiwa kuufanya mara moja tu katika msimu mmoja wa maombi. Mpwa wangu alikaa Lindi hadi mwisho wa Agosti bila kupanga tarehe. Aliporudi, nafasi za karibu zilikuwa zimejaa, akalazimika kusafiri saa nne kwa treni kwenda mji asioujua, na alama alizopata hazikufanana na uwezo wake. Tangu mwaka ule nimewaomba wazazi wote wanaoniuliza kwamba tarehe ya mtihani ilipiwe kabla ya tiketi ya ndege.

Mtihani wenyewe ulibadilika mwaka 2025. Sehemu ya kutambua mpangilio wa maumbo iliondolewa, zikabaki sehemu za ufahamu wa maandishi, uamuzi na hesabu, ambazo alama zake kwa jumla huanzia 900 hadi 2700, pamoja na sehemu ya kupima busara katika mazingira ya kazi, ambayo hupewa madaraja kuanzia la 1, lililo bora, hadi la 4. Kwa hiyo vitabu ambavyo kijana ameachiwa na binamu yake aliyeomba miaka ya nyuma vitampotezea muda, na viwango vya alama anavyosimuliwa si vya sasa. Ugumu mkubwa uko kwenye kasi, kwa kuwa sehemu ya ufahamu ina maswali 44 ya kujibiwa kwa dakika 22. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo asiache swali lolote wazi. Mazoezi yaanze walau wiki sita kabla, kidogo kidogo kila siku, na yaendelee hata akiwa nyumbani Mtwara.

Fomu hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, na mwisho wake kwa udaktari ni 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, wakati ambao kwa kawaida wazee wetu kusini wanafuatilia minada ya korosho. Mwombaji huchagua vyuo vya tiba visivyozidi vinne. Kwa wanaoanza masomo kuanzia 2026, maelezo binafsi, yaani sehemu ya fomu ambayo mwombaji hujieleza, hujibu maswali matatu: kwa nini anataka kozi hiyo, masomo yake yamemwandaaje, na amejiandaaje nje ya darasa. Swali la tatu ndilo ninalotaka kukaa nalo, kwa sababu ndilo ambalo watoto wetu hulijibu vibaya ingawa wana mengi ya kusema.

Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, na zile za misheni za Ndanda na Nyangao huhudumia watu wanaotoka vijiji vya mbali, na siku chache za kuangalia kazi pale zinaweza kumfunza kijana mambo mengi. Njia sahihi ni barua kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, iliyotumwa mapema, ikieleza umri wa mwombaji, shule yake, na kwamba anaomba kuangalia tu. Kumpigia simu shemeji anayefanya kazi wodini ili amwingize mtoto kwa mlango wa nyuma ni kumfundisha vibaya tangu siku ya kwanza. Kijana akipewa sindano achome au kidonda asafishe, jambo ambalo asingeruhusiwa kulifanya anakoishi, akatae kwa adabu, hata kama anayempa ni mkubwa wake. Mgonjwa wa Masasi ana haki ileile aliyonayo mgonjwa wa Manchester. Picha za wagonjwa asipige kabisa.

Hata hivyo, vyuo vya Uingereza havidai kwamba uzoefu huo utoke hospitalini. Kumhudumia mtu kunatosha, ilimradi mwombaji aeleze alichojifunza. Chukulia kijana aliyekaa Mikindani mwezi mzima na bibi yake mwenye sukari, akawa anamkagua nyayo kila jioni na kumkumbusha vidonge. Siku ya kliniki anaona kwamba mjomba ndiye anayemjibu daktari kwa Kiswahili, huku bibi, ambaye hujieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, amenyamaza. Na baadaye nyumbani bibi anamwambia kwamba aliacha vidonge vya asubuhi kwa sababu vilimletea kizunguzungu. Tukio hilo moja lina uzito kuliko orodha ya hospitali tano, kwa kuwa linagusa mawasiliano, heshima kwa mgonjwa na haki yake ya kusikilizwa. Kijana aliandike usiku uleule kwenye daftari, bila jina la mtu yeyote: nini kilitokea, yeye alifanya nini, na leo angefanya nini tofauti.

Kuhusu ada, mzazi achunguze mapema kuliko mtoto. Nchini Uingereza, mwanafunzi mwenye ukaazi wa kudumu ambaye makazi yake ya kawaida yamekuwa humo kwa miaka mitatu kabla ya kuanza chuo hulipa ada ya wenyeji, lakini wanaohesabiwa wa kimataifa wanaweza kudaiwa zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka. Familia inayomrudisha mtoto kusoma bweni Tanzania kwa miaka kadhaa, kwa nia njema ya kumlea katika maadili ya nyumbani, yaweza kujikuta mtoto huyo amewekwa kundi la pili.

Walioko Marekani wana njia nyingine: shahada ya kwanza ya miaka minne, mtihani wa kuingia vyuo vya tiba uitwao MCAT, ambao alama zake ni kati ya 472 na 528, kisha maombi, na vyuo vingi huko havipokei asiye raia wala mkaazi wa kudumu.

Kusoma Tanzania pia ni chaguo lenye hadhi kamili. Muhimbili, Bugando, KCMC na Dodoma hufundisha udaktari kwa miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya hospitalini chini ya uangalizi, kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye vyeti vya sekondari vya nje apate kwanza ulinganifu kutoka Baraza la Mitihani, na awe amesoma fizikia, kemia na biolojia kwa pamoja, jambo ambalo watoto wa Uingereza wengi hulikosa kwa kuacha fizikia mapema.

Usaili wa Uingereza hufanyika zaidi kati ya Desemba na Machi, na vyuo vingi hutumia vituo vifupi ambapo mwombaji hukaa dakika chache kwa kila msaili. Watoto wetu wamelelewa kutojisifu na kusema “sisi” badala ya “mimi”, nami nawapenda kwa hilo, lakini msaili anahitaji kujua mwombaji mwenyewe alifanya nini. Afanye mazoezi ya kusema “nilimwuliza bibi” bila kuona haya. Kama kuna shangazi Lindi aliyewahi kuwa muuguzi, apigiwe simu ya video kila Jumapili, amwulize swali moja kwa Kiswahili; kijana ajibu, asikilize anapokosolewa, kisha alijibu upya kwa Kiingereza huku mzazi ameshika saa, akimkatisha dakika ya sita inapoisha.