Bia kwenye bustani za Hamburg: wapi ruksa, wapi utapigwa faini

Kiangazi changu cha kwanza hapa Hamburg, Ujerumani, nilikaa Stadtpark, bustani kubwa ya mji, kwenye ile nyasi kubwa inayotazamana na Planetarium, wakapita polisi wawili katikati ya watu wenye bia mkononi, wakasema "Moin", salamu ya huku, wakaendelea na safari yao. Mi nilikuwa nimeshaanza kuficha kopo langu chini ya koti. Kwetu Bongo bia ina kiti chake, iko bar au grocery, ukitoka nayo barabarani watu wanakuangalia kama umeiba. Hapa mama anasukuma mtoto kwenye kigari mkono mmoja, mkono mwingine chupa, na hamna anayegeuka.

Sasa shida ya sisi wageni ni kwamba tukishaona hivyo tunadhani nchi hii haina sheria ya pombe. Ipo, ila imekaa kinyume na tulivyozoea. Huku kila mahali ni ruksa mpaka pale walipokataza, na walipokataza pengine ni hatua ishirini tu kutoka hapo uliposimama. Kwa hiyo ukiwa na bia usiulize "naruhusiwa kunywa?", angalia miguu yako imekanyaga wapi.

Tuanze na umri maana hapo hamna mjadala. Bia na divai ni miaka 16, vikali vyote ni 18, na yale makopo matamu yaliyochanganywa na vodka au whisky yanahesabika kama vikali hata kama yana ladha ya juisi. Keshia akikuomba kitambulisho usichukie, hata mwenye mvi kidogo ameshaombwa (mi mwenyewe nilifurahi kweli). Na kama uko na vijana wa nyumbani wa miaka 16 au 17 usiwamiminie Konyagi uliyoletewa kwenye begi, hilo litakuwa kosa lako, sio lao.

Bustani zenyewe: Stadtpark, kingo za Alster, ufukwe wa Elbe kule Övelgönne, unakunywa bila wasiwasi. Kinacholeta polisi kwenye bustani mara nyingi sio bia, ni spika. Unaweka amapiano kwa sauti, jirani kwenye blanketi la tatu kaja kusoma kitabu, anapiga simu, polisi wakifika ndio wanaanza kuangalia na mengine yote, moto, takataka, vitambulisho. Saa nne usiku ikifika zima kabisa, kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya na Wajerumani wanauheshimu kama swala. Cha pili ni kukojoa. Bwana, kichaka sio choo, hata kama umeona Mjerumani mwenyewe anaenda, naye akikamatwa analipa. Mi siku hizi nikichagua sehemu ya kukaa naanza kutafuta choo kilipo ndio natandika mkeka, kwa sababu bia tatu hazisubiri.

Sehemu ya watoto kuchezea, yenye mchanga na bembea, hapo usifungue hata kama mwanao ndiye anayecheza na wewe umekaa tu benchi unamsubiri. Miji mingi imekataza pombe kwenye viwanja vya watoto, bango liko kwenye geti, kwa kawaida lina orodha ndefu pamoja na sigara na mbwa. Na hata pale ambapo bango halipo, wazazi wengine watakwambia, na watakwambia kwa sauti.

Haya, sasa tufike kwenye usafiri, hapa ndipo wengi tunapoumia. Mabasi na treni za mjini Hamburg, zile za mtandao wa usafiri unaoitwa HVV, zilipiga marufuku pombe tangu 2011 na faini ni euro 40. Sio kulewa, hapana, kunywa tu, hata ukiwa umekaa kimya kama uko msikitini. Mdogo wangu alivyokuja kunitembelea alifungua kopo kwenye S-Bahn, treni ya mjini, tukitoka ufukweni, jua lilikuwa kali na kweli sikuwa nimemwambia, akaja mkaguzi wa tiketi, tiketi tunazo tena tumezishika kwa kujiamini, yule mzee akaangalia tiketi akatabasamu halafu akanyoosha kidole kwenye kopo. Arobaini. Kopo lenyewe lilikuwa la senti tisini. Ukiwa nalo ndani ya begi halijafunguliwa hamna tabu, safirisha hata kreti. Metronom, treni za mikoani za kwenda Bremen na Hannover, wao walikataza mapema zaidi, 2009. Halafu ukipanda ICE, treni ya mwendokasi, wanakuuzia bia wenyewe kwenye mgahawa wa ndani. Usinitafutie mantiki hapo, ndivyo ilivyo.

Stesheni kuu ya Hamburg, Hauptbahnhof, nje kwenye vile viwanja vinavyoizunguka, tangu Aprili 2024 hakunywewi pombe kabisa. Hapa wageni wengi ndio mahali pa kukutania, mnasubiriana, mmoja kachelewa kama kawaida yetu, mmeshanunua vinywaji, mtu anafungua. Usifungue. Vuka, tembea, panda treni kwanza, mtafungua mkifika kwenye nyasi.

Na hapo hapo kuna jambo ambalo halihusu pombe lakini litakukuta ukiwa unaenda kunywa: kisu. Tunavyopenda nyama choma, kila mtu anabeba kisu cha jikoni cha kukatia nyama na maembe. Eneo la stesheni kuu silaha zimekatazwa tangu 2023, na tangu Desemba 2024 marufuku ya visu imesambaa kwenye mabasi, treni na vituo vya mji mzima. Kisu chako cha jikoni kwenye mfuko wa pembeni wa begi, askari akikipekua, utaanza kueleza habari za ndafu kwa Kijerumani cha miezi mitatu. Kata nyama nyumbani, kata ndimu nyumbani, kachumbari iende kwenye kontena. Kama kisu ni lazima basi kiwe ndani ya boksi limefungwa, chini kabisa ya begi, sio cha kuchomoa kwa mkono mmoja.

Ukishakunywa, chupa. Hii kwetu si ngeni hata kidogo, ni kama kurudisha chupa ya soda kwa Mangi ndio upate nyingine, ila hapa unalipa dhamana dukani na inaitwa Pfand. Chupa ya kawaida ya bia ni senti 8, yenye kizibo cha waya ni 15, kopo ni 25. Chupa ya divai haina kitu. Unazirudisha kwenye mashine ya supermarket inakupa karatasi unaipeleka kwa keshia. Kama unaona uvivu kuzibeba, usizitupe ndani ya pipa, ziweke chini pembeni ya pipa zikiwa zimesimama. Kuna watu wanazunguka na mifuko na toroli wakikusanya, wengine ni wazee kabisa wenye pensheni ndogo, na ukiitupia ndani yule mzee itabidi aingize mkono kwenye uchafu na vipande vya glasi. Mimi mara ya kwanza niliitupa ndani kwa nidhamu zote, najiona msafi, bibi mmoja akanitazama akavaa glavu yake akaitoa, akaniambia "danke", yaani asante, kwa namna ambayo bado naisikia. Siku hizi nasimamisha chupa tatu pembeni ya pipa na naondoka.

Kurudi nyumbani: usidhani ukiacha gari umeshinda. Skuta ya umeme ya kukodi kwa simu inahesabika kama gari, ukipimwa ukakutwa na kilevi cha 0.5 kwa elfu kwenye damu ni euro 500 na kufungiwa kuendesha mwezi mmoja, na kama uko chini ya miaka 21 au leseni yako bado iko kwenye kipindi cha majaribio kiwango chako ni sifuri, yaani hata moja hamna. Baiskeli wanakuvumilia zaidi, mpaka 1.6 ndio jinai moja kwa moja, ila ukiyumba au ukimgonga mtu wanaanza kukuhesabia toka 0.3. Shuka, sukuma baiskeli ukitembea. Au panda basi, na kopo limalize kabla ya kupanda.

Mwisho wale wanaokodi ukumbi wa manispaa au wa kanisa kwa harusi, ubarikio au sherehe ya jumuiya. Soma mkataba, kumbi nyingine hazitaki pombe kali, nyingine hazitaki kabisa, na wanaandika ukurasa wa nne kwa herufi ndogo. Kama unawamiminia wageni wako ulioalika bure, hayo ni mambo yako na mwenye ukumbi. Lakini siku ukiweka meza na bei, au ukauza tiketi ambayo ndani yake kuna vinywaji, hapo umeshauza pombe kwa umma, na kuuza pombe kunataka kibali cha muda kinachoitwa Gestattung. Usiende kuomba Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi, hamna mtu ofisini atakayekuonea huruma, nenda wiki kadhaa kabla. Na kama muziki utakuwa wa umma muulize mtu habari za GEMA, shirika linalokusanya malipo ya hakimiliki za muziki, hiyo nayo ni bili nyingine ambayo makamati ya sherehe huwa yanaikumbuka keki ikiwa imeshakatwa.

Mabwawa ya kuogelea ya wazi nayo kila moja lina kanuni zake, cha uhakika ni chupa ya glasi hawaitaki kwenye nyasi maana watu wako peku, nunua kopo au kunywa pale kioski kama wanauza. Bango la sheria huwa liko mlangoni karibu na bei ya kuingilia, lipige picha, ukikaa utalisoma na programu ya kutafsiri kabla hujafungua.