Kutunza kinywa wakati wa mionzi ya saratani ya koo

Mgonjwa anayeanza mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, huona wiki ya kwanza imepita salama. Vidonda huja wiki ya pili au ya tatu: mate yanavutika, ladha inapotea, kumeza kunachoma. Tiba ya kuponya mara nyingi ni Gy 70 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi), hugawanywa katika vikao 35 kwa takriban wiki 7. Wanaokatisha njiani hujiweka pabaya, kwa sababu seli za saratani zilizosalia huzaliana kwa kasi kadiri wiki zinavyosonga. Tafiti zinaonyesha kila siku inayorukwa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 hivi. Kinywa kilichotunzwa ndicho kinachomfikisha mgonjwa kikao cha mwisho.

Anzeni na meno. Jino bovu ling'olewe siku 10 hadi 14 kabla ya mionzi, kidonda kipate kufunga. Taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida hata miaka mingi baadaye, na kung'oa jino ovyo kunaweza kuozesha mfupa. Kila daktari wa meno aambiwe, maisha yote.

Maji ya kusukutua hayana gharama. Chemsha lita 1 ya maji, yaache yawe vuguvugu, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi na 1 cha bekingi soda. Si magadi ya kuivishia maharage, wala hamira, wala bekingi pauda. Sukutua sekunde 30, tema, rudia kila baada ya saa 2 au 3, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Yakilala, mwaga, tengeneza mengine. Anayetoka Mbagala kwa daladala abebe chupa yake, foleni isimkaushe. Dawa za kusukutulia zenye spiriti zinaunguza, ziacheni. Mswaki uwe laini, uloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu.

Dawa ya maumivu aliyoandikiwa, hata ikiwa mofini ya maji, anywe nusu saa kabla ya kula. Kisha uji wa maziwa wenye karanga zilizosagwa laini, mtori, parachichi lililopondwa. Pilipili, ndimu, ukwaju na vya moto sana vikae mbali. Sigara na pombe ziachwe kabisa: sigara huidhoofisha mionzi yenyewe. Mpimeni uzito kila wiki. Akikonda, barakoa inayomshika kichwa kwenye meza ya mionzi hulegea na mionzi yaweza kukosa shabaha, hivyo mafundi wa mionzi waambiwe mapema. Akikubali mpira wa kulishia puani, aendelee kumeza japo mafunda ya maji, misuli ya koo isisahau kazi.

Utando mweupe unaokwanguka ni dalili ya fangasi. Unahitaji dawa ya daktari. Homa ya 38, kushindwa kumeza hata maji, au pumzi kukoroma: hospitali siku hiyohiyo.

Vidonda huendelea wiki 2 hadi 4 baada ya kikao cha mwisho. Msiache kusukutua.